Simulizi za jirani na uamuzi wa kutafuta mtoto

Katika Minjila, kituo cha biashara kilicho karibu na mji wa Garsen, Kaunti ya Tana River, mwanamke anayechelewa kushika mimba hapungukiwi na ushauri. Atasimuliwa habari za binamu wa fulani aliyekunywa mizizi kwa siku saba akapata mimba, za jirani aliyeandikiwa kombe kwa zafarani akajaaliwa mapacha, za mke wa mwalimu aliyepelekwa Mombasa akasafishwa kizazi, na za mwingine ambaye mumewe aliuza mifugo ili ampeleke Nairobi, akarudi mikono mitupu. Kabla hajaonana na daktari hata mmoja, huwa amekwisha kupokea visa kumi vya watu anaowajua au anaoambiwa kuwa wapo. Visa hivyo ndivyo humwamulia aende wapi, aanze na tiba gani, atumie pesa kiasi gani na akate tamaa lini.

Jambo hili si la Minjila pekee, wala si la watu wasiosoma. Hata London na Boston wagonjwa wa uzazi huamua kwa kusikiliza waliowatangulia. Tofauti ni kwamba mahali ambapo daktari yuko karibu, simulizi hukutana mapema na kipimo. Mahali ambapo daktari yuko mbali, simulizi hutawala peke yake kwa miaka.

Minjila ipo kwenye barabara kuu inayotoka Malindi kuelekea Garissa, na wasafiri wa Lamu nao huipitia. Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Makao makuu ya kaunti yako Hola, kaskazini, na hospitali ya karibu yenye historia ndefu ni ile ya Ngao, kijiji cha ukingoni mwa Mto Tana ambako wamishonari wa Kijerumani walijenga makao mwishoni mwa karne ya 19. Kliniki nyingi zinazotungisha mimba nje ya mwili ziko Nairobi. Mto unapofurika, kama ilivyotokea Novemba 2023 na tena katika masika ya 2024, safari zenyewe huvurugika kwa majuma.

Kwa hiyo uamuzi wa kutafuta tiba huwa pia ni uamuzi wa safari: nauli, malazi, shamba la mpunga au mifugo itakayoachwa, na maelezo atakayopewa mama mkwe. Si ajabu kwamba mtu hakubali kusafiri kwa kubahatisha. Hutafuta kwanza aliyekwenda akarudi. Wapokomo walio wakulima wa kando ya mto, na Waorma na Wawardei walio wafugaji, hutofautiana kwa lugha na desturi, lakini katika hili hufuata kanuni moja ambayo Waswahili waliitia kwenye methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni kanuni nzuri kwa mambo mengi ya dunia. Katika uzazi ina kasoro kubwa, na inafaa kuelezwa kwa hesabu.

Hesabu ya jozi mia moja

Wachukuliwe mke na mume, jozi 100, wenye afya ya kawaida na wanaokutana mara kwa mara bila kinga yoyote. Mwaka wa kwanza ukiisha, zaidi ya 80 huwa wameshika mimba. Ikichukuliwa kuwa ni 84, wanabaki 16. Katika mwaka wa pili, karibu nusu ya hao 16 nao hushika mimba bila ya tiba yoyote, kwa sababu uzazi wa binadamu ni wa taratibu na haujali haraka ya wakwe.

Sasa itazamwe hali ya wale wanane. Kufikia mwezi wa 14 au wa 18, hakuna hata mmoja wao aliyekaa bure. Huyu amekunywa mizizi, yule ameombewa, mwingine amekunywa kombe, mwingine amebadilisha chakula na kupumzishwa kubeba maji. Mimba inapoingia, sifa zote huenda kwa jambo la mwisho lililofanywa. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Hutafuta kilichotangulia na kukiita sababu. Kila mmoja wa hao wanane huwa na ushuhuda wa kweli, wenye mwezi na siku na mtoto wa kubebwa.

Wanane waliobaki walikunywa mizizi ileile. Hao hawaalikwi kutoa ushuhuda popote. Hawasimami arusini kueleza kwamba dawa haikufanya kazi, na mganga hawataji. Wengi hujiona kuwa wao ndio waliokosea masharti. Matokeo yake ni kwamba tabibu asiye na dawa yoyote ya kweli anaweza kupata, kila mwaka, mashahidi wengi waaminifu ambao hawakusema uongo hata neno moja.

Kliniki za kisasa nazo hunufaika kwa njia hiyohiyo. Picha za vichanga zinazopamba kuta na matangazo yao ni za waliofanikiwa. Hakuna kliniki inayotundika picha za kitanda kitupu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Aprili 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani mwake, yaani asilimia 17.5 ya watu wazima, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini ni ndogo. Ugumba kwa maana ya kitabibu ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana bila kinga. Kwa maana hiyo, mke wa miaka 22 aliyeolewa miezi mitano iliyopita si mgumba, hata kama ukoo mzima umekwisha kumpa jina hilo.

Kinachoachwa nje ya simulizi

Uchunguzi mkubwa uliofanywa na WHO katika nchi nyingi kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Afrika ilikuwa na sura yake. Karibu nusu ya wanawake wa Kiafrika waliochunguzwa walikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba pande zote mbili, na chanzo kikuu kilikuwa maambukizi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na maambukizi yanayofuata kujifungua au kutoa mimba katika mazingira machafu. Ndiyo sababu aina inayoenea zaidi kusini mwa Sahara ni ile ya mwanamke aliyewahi kuzaa mara moja kisha akakwama.

Jirani anaposimulia jinsi alivyopona, haelezi kama mirija yake ilikuwa wazi, kwa kuwa aghalabu hajui. Anachojua ni kwamba alikuwa na chango, neno ambalo watu wa pwani hulitumia kwa maumivu ya tumbo la chini, hedhi yenye uchungu, uvimbe, na kukosa mtoto kwa jumla. Wanawake watano wenye chango wanaweza kuwa na magonjwa matano tofauti. Mmoja hapevushi mayai, wa pili ana uvimbe kwenye kizazi, wa tatu ameziba mirija, wa nne ana kifua kikuu kilichoingia katika viungo vya uzazi, na wa tano hana kasoro yoyote bali mumewe ndiye hana mbegu. Jina likiwa moja, watu hudhani tiba nayo ni moja.

Kuna pia ugonjwa ambao karibu hausikiki kabisa katika simulizi hizi ingawa uko mlangoni. Kichocho cha mkojo kimezoeleka katika maeneo ya Mto Tana, ambako watu huingia majini kuchota, kufua, kuvua na kulima mpunga. Watu wengi hukijua kama ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu. Mayai ya minyoo hiyo huweza kukwama pia katika mlango wa kizazi, kizazi chenyewe na mirija, yakaleta vidonda, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Dalili hizo hufanana na za ugonjwa wa zinaa, na wako wanawake walioshukiwa uzinzi kwa ajili ya mnyoo wa majini. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya bei nafuu na hutolewa shuleni kwa kampeni, lakini mwanamke mzima asiye mwanafunzi hurukwa kwa urahisi.

Hatari ya kukopa tiba ya mwingine huonekana wazi zaidi katika vidonge. Klomifeni ni dawa halali inayochochea upevushaji wa yai, na kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni hilo huweza kusaidia sana. Humezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Aliyefanikiwa humpa shoga yake jina la dawa, na shoga huinunua dukani. Kama mirija ya shoga imeziba, au mumewe hana mbegu za kutosha, atameza miezi sita bila faida. Kama mirija imeharibika nusu, yai linaweza kutungwa na kukwama humo, ikawa mimba ya nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni, na hapo umbali wa kutoka Minjila hadi chumba cha upasuaji huwa ndio unaoamua kama mwanamke ataishi. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au kuzirai, kwa mwanamke aliyekosa hedhi, si jambo la kusubiri asubuhi.

Kusafishwa kizazi nako kumejengewa sifa na simulizi. Kazi hiyo ina mahali pake, kwa mfano baada ya mimba kuharibika na mabaki kubaki ndani. Kama tiba ya kukosa mimba kwa mwanamke ambaye hajachunguzwa, haina faida iliyothibitishwa, na ikifanywa kwa nguvu au kurudiwarudiwa inaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi. Aliyekuwa na nafasi ya kuzaa huondolewa nafasi hiyo na tiba aliyoilipia.

Mume asiyesimuliwa

Upande mmoja wa ndoa hauna simulizi. Ni nadra kumsikia mwanamume wa pwani akieleza barazani kwamba alipimwa, mbegu zikaonekana chache, akatibiwa, akapata mtoto. Hali hii ina uzito kwa sababu katika karibu nusu ya jozi zinazokosa mtoto, mwanamume ana sehemu ya tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe, kisonono kisichotibiwa, mishipa iliyovimba kwenye korodani, au kasoro ya kuzaliwa nayo. Yote hayo yapo na mengine hutibika.

Badala ya ushuhuda wa kupimwa, wanaume wana simulizi mbili zinazowapumbaza. Ya kwanza husema kwamba mwenye nguvu za kiume hana ugumba. Nguvu ya tendo na wingi wa mbegu ni mambo mawili mbalimbali, na baadhi ya dawa za kuongeza nguvu zenye homoni ya kiume hupunguza utengenezaji wa mbegu. Ya pili ni ile ya aliyeoa mke wa pili na mke huyo akashika mimba. Hata ikiwa ni kweli, haisemi lolote kuhusu mume mwingine, na hata kwa mume huyohuyo, kuzaa miaka kumi iliyopita si hati ya leo.

Wakenya walilazimika kulitazama suala hili Julai 2016, wakati mwanamke mmoja wa Kaunti ya Machakos alipokatwa mikono yake yote miwili. Mumewe ndiye aliyelaumiwa kwa kitendo hicho, na kisa kikatajwa kuwa ni kukosa mtoto katika ndoa. Habari iliyofuata ndiyo iliyowashtua wengi: wawili hao walikuwa wamewahi kwenda hospitalini, na kwa maelezo ya mwanamke, waliambiwa tatizo lilikuwa la mume na kwamba lingetibika. Miezi iliyofuata vyombo vya habari viliripoti kwamba mwanamke huyo amepata mimba. Hakuna bango la wizara ya afya lililowahi kufundisha somo la mwanamume kupimwa kwa kiasi ambacho kisa kile kimoja kilifundisha. Ni haki kusema hivyo, kwa sababu simulizi hazipotoshi tu. Kuna nyakati hufungua mlango ambao takwimu ziliubisha kwa miaka bila kuitikiwa.

Ushuhuda wa madhabahuni na wa kliniki

Afrika Mashariki imeona pia ushuhuda ukikua hadi kuwa mkondo wa watu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za nchi hiyo. Kilichowapeleka si utafiti bali ni habari za waliopona, zilizopita kwa simu na redio. Waliokunywa bila kupona hawakuwa na foleni ya kurudi kueleza. Mwasapila alifariki Julai 2021.

Kisa kinachohusu uzazi moja kwa moja ni cha Gilbert Deya, mhubiri Mkenya aliyekuwa na kanisa Peckham, kusini mwa London. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa kanisa hilo, baadhi yao wakiwa wamepita umri wa hedhi, walitoa ushuhuda wa kupata watoto kwa maombi. Walikuwa wakisafiri hadi Nairobi na kurudi na vichanga. Novemba 2004 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba mtoto mmoja kati ya hao alikuwa mwathiriwa wa ulanguzi wa watoto, baada ya vipimo vya DNA kuonyesha hana uhusiano wa damu na waliodai kumzaa. Deya alikana siku zote kufanya kosa. Alirejeshwa Kenya Agosti 2017 kujibu mashtaka ya wizi wa watoto watano, na Julai 2023 mahakama ya Nairobi ikamwachilia kwa kukosekana ushahidi wa kutosha dhidi yake. Alifariki katika ajali ya barabarani Juni 2025. Pembeni mwa kesi hiyo ndefu walibaki wanawake ambao, kwa maelezo yao, waliamini kabisa kwamba walikuwa wajawazito.

Si sahihi kudhani kwamba nguvu hiyo ya ushuhuda ni ya madhabahuni tu. Mwishoni mwa Novemba 2023 kliniki moja ya Kampala ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 70 amejifungua mapacha kwa njia ya utungishaji nje ya mwili. Habari ilizunguka dunia nzima kwa siku mbili. Vichwa vya habari vilibeba umri wake. Maelezo kwamba mayai yalitoka kwa mwanamke mwingine yalikuja aya kadhaa chini, na wengi hawafiki huko. Msomaji wa miaka 43 aliyeona kichwa tu anaweza kuamua kwamba ana muda mrefu wa kusubiri. Kwa mayai yake mwenyewe hana. Takwimu za mamlaka ya Uingereza inayosimamia tiba hizo (HFEA) zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 35, takriban theluthi moja ya viinitete vinavyopandikizwa huleta mtoto aliye hai. Kwa walio na miaka 43 na 44 wanaotumia mayai yao, ni karibu asilimia 5.

Suala la yai la mwingine lina uzito wa pekee katika jamii yenye Waislamu na Wakristo wengi kama ya Tana River. Fatwa iliyotolewa nchini Misri Machi 1980 na Sheikh Jad al-Haq, na ambayo wanazuoni wengi wa Sunni wameifuata, iliruhusu utungishaji nje ya mwili ilimradi mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa yao ipo. Mtu wa tatu haruhusiwi. Kanisa Katoliki, kwa waraka wake wa 1987 uitwao Donum Vitae, linaupinga utungishaji wa maabara hata kwa wanandoa wenyewe. Mwanamke anayefuata ushuhuda bila kujua yai lilitoka wapi anaweza kujikuta amelipia nusu ya tiba kabla ya kutambua kwamba dini yake haimruhusu kuendelea.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa utungishaji huo Mei 2006, wasichana wawili wa mama wawili, chini ya Dkt Joshua Noreh jijini Nairobi. Ilikuwa karibu miaka 28 baada ya Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, kuzaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Kliniki zimeongezeka tangu hapo, na mzunguko mmoja hugharimu laki kadhaa za shilingi, aghalabu kutoka mfukoni mwa familia. Sheria haikwenda kwa mwendo huo. Mbunge Millie Odhiambo alianza kusukuma mswada wa kuisimamia huduma hiyo katikati ya muongo wa 2010, na mjadala wake ukachukua miaka mingi. Uingereza ina HFEA tangu 1991, na mgonjwa wa huko anaweza kusoma matokeo ya kila kliniki kabla ya kuchagua. Mkenya hana daftari kama hilo. Akitaka kujua kliniki ipi hufanikiwa, anachoweza ni kuuliza watu, na kliniki zinalijua jambo hilo vyema.

Utafiti unavyosema

Nguvu ya simulizi imepimwa. Mwaka 2001 Peter Ubel na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu waliombwa kujifikiria wana ugonjwa wa moyo na wachague kati ya upasuaji na njia nyepesi ya kupanua mishipa kwa puto. Wote walipewa takwimu zilezile za mafanikio. Kilichobadilishwa ni idadi ya ushuhuda wa waliofaulu na wa walioshindwa, na uchaguzi ukabadilika. Mwaka 2005 Angela Fagerlin na wenzake walionyesha kwamba takwimu zikichorwa kwa picha rahisi, watu wengi wakiwa wamepangwa safu kwa safu na waliopona wakitiwa rangi, nguvu hiyo ya ushuhuda hupungua. Daktari wa Ngao au Malindi hahitaji mashine kwa kazi hiyo. Karatasi na kalamu mbili zinatosha.

Mgawanyo unaosaidia zaidi ni ule wa Victoria Shaffer na Brian Zikmund-Fisher wa mwaka 2013. Wao walitenga simulizi za matokeo (nilipata, sikupata) na za hali ilivyokuwa (sindano inauma vipi, safari ilichukua siku ngapi), kisha zile zinazoeleza jinsi mtu alivyofikia uamuzi wake. Za matokeo ndizo zinazopotosha kwa urahisi, kwa sababu mwili wa msimulizi si mwili wa msikilizaji. Hizo nyingine mbili zina manufaa ya kweli. Aliyekwenda Nairobi kwa ajili ya utungishaji anaweza kumweleza mwenzake mambo ambayo daktari husahau: kwamba sindano ni za kila siku kwa karibu majuma mawili na zinahitaji kuwekwa mahali baridi, kwamba unahitaji ndugu wa kufikia mjini, si hoteli, kwamba siku za kungoja majibu ndizo ngumu kuliko zote, kwamba mume asipokuwa upande wako, ni heri kuahirisha.

Kwa msingi huo madaktari wawili wa Uingereza, Ann McPherson na Andrew Herxheimer, walianzisha mwaka 2001 hazina ya mahojiano ya wagonjwa, yakiwemo ya watu wenye ugumba. Watafiti hutafuta kwa makusudi wagonjwa wa kila namna: waliopata mtoto, waliokosa, walioasili na walioacha tiba. Huo ndio uzito wa kazi hiyo, kwa sababu waliokosa nao husikika. Hata hivyo mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Hilary Bekker mwaka 2013 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuongeza simulizi katika nyenzo za kuwasaidia wagonjwa kuamua hufanya maamuzi yao kuwa bora. Swali halijafungwa.

Kwa msikilizaji wa kawaida, thamani ya ushuhuda hujulikana kwa maswali anayoyavumilia msimulizi. Alikuwa na umri gani? Alikuwa ametafuta kwa muda gani? Alipimwa akaambiwa nini, na mumewe je? Alikuwa akitumia tiba nyingine wakati huohuo? Ilikuwa mara ya ngapi? Anaposema alipata, ana maana ya mimba au ya mtoto aliye hai? Na je, anayesimulia ndiye aliyetibiwa, au amesikia tu? Maswali matatu ya kwanza peke yake huondoa sehemu kubwa ya visa vinavyozunguka.

Utaratibu wa kitabibu ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 huchunguzwa baada ya mwaka mmoja wa kutafuta. Aliyefika 35, baada ya miezi sita. Na mwenye hedhi isiyo na mpango au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga hana sababu ya kungoja. Mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa WHO kuhusu ugumba, uliotolewa Novemba 2025, nao unaanza na kinga, elimu na vipimo vya msingi kabla ya tiba ghali.

Wakazi wa Minjila wana jambo la kupanga zaidi ya wengine. Kipimo cha mume ndicho rahisi na ndicho kinachofaa kutangulia. Anatakiwa ajizuie na tendo la ndoa kwa siku mbili hadi saba, na manii yafike maabara ndani ya muda wa saa moja hivi. Kwa hiyo kuyatoa nyumbani na kuyabeba kwa matatu hadi Malindi ni kazi bure; atayatoa hospitalini penyewe. Kipimo kikileta majibu mabaya hurudiwa, na kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kukomaa, homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuyaharibu majibu ya leo. Picha ya mirija ya mke hupigwa siku chache baada ya hedhi kukoma na kabla ya yai kupevuka. Akichelewa kwa ajili ya basi au mvua, hungoja mwezi unaofuata.